Raba Ndogo Yaweza Kusimamisha Gari Zima



Siku hizi gari si kitu cha mjini tu. Vijiji vingi vina gari moja au mawili. Gari hilo hubeba mahindi na pamba. Hupeleka watu harusini na msibani. Na usiku, mama mjamzito akishikwa na uchungu, watu hukimbilia nyumba yenye gari.

Kikundi kimoja cha wanakisomo ninachokifundisha kilichanga fedha kikanunua gari, Toyota RAV4. Lilikuwa limekwisha tumika Japani. Ni gari fupi, lina nguvu, na hupita vizuri kwenye barabara zetu za vumbi. Lilitusaidia sana.

Siku moja mzee mmoja wa kikundi, ambaye zamani alikuwa utingo wa lori, alichuchumaa nyuma ya tairi la mbele. Akaniita. "Mwalimu, hebu tazama hapa." Nikatazama. Niliona raba nyeusi yenye mikunjo mikunjo. Ilikuwa imepasuka, na grisi imerukia ndani ya rimu.

Tulijadiliana. Wengine walisema, "Gari si linatembea? Tusubiri tuuze pamba kwanza." Mimi niliyekuwa nafundisha somo la kupanga mapato na matumizi niliwaunga mkono. Tukasubiri.

Baada ya miezi mitatu gari lilianza kulia kila lilipokata kona: ka-ka-ka-ka. Tukasubiri tena. Kisha usiku mmoja wa mvua, dereva alikuwa anampeleka mama mmoja kwenye kituo cha afya. Njiani kiungo cha ekseli kilivunjika. Injini ilinguruma, lakini gari halikusogea. Mama yule alimaliza safari kwenye mkokoteni wa ng'ombe, amefunikwa turubai. Alijifungua salama, tunamshukuru Mungu. Lakini dereva aliniambia kuwa katika safari ile kila mtu alikuwa kimya, na mimi najua walikuwa wanafikiri nini.

Tangu siku hiyo nilianza kujifunza habari ya ekseli ya mbele. Mimi ni mwalimu, si fundi. Lakini nilikaa na fundi mzuri, nikasoma kitabu cha gari, na tulipobadili ekseli ile pale nyumbani nilishika spana mwenyewe. Leo nataka tujifunze pamoja.

EKSELI YA MBELE NI NINI?

Chuchumaa mbele ya gari, utazame nyuma ya tairi. Utaona fimbo ya chuma, nene kuliko kidole gumba. Imetoka katikati ya tairi, inaingia kwenye giaboksi. Hiyo ndiyo ekseli ya mbele. Mafundi wengi huiita drafti au shafti. Ziko mbili, moja ya tairi la kulia na moja ya tairi la kushoto.

Kazi yake ni kuchukua nguvu ya injini kutoka giaboksi na kuipeleka kwenye tairi.

Sasa fikiri kidogo. Tairi la mbele halitulii. Hupanda na kushuka kwenye mashimo. Hugeuka kulia na kushoto. Je, fimbo iliyonyooka itazungushaje kitu kisichotulia? Ingevunjika siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo ekseli imewekewa viungo viwili, kama mkono wako ulivyo na kiungo kwenye bega na kingine kwenye kiwiko.

Kiungo cha nje kiko karibu na tairi. Mafundi hukiita sivii. Umbo lake ni kama bakuli la chuma. Ndani mna gololi, kwa kawaida sita, zinazotembea katika mifereji. Gololi hizo huwezesha tairi kukata kona huku linazunguka kwa mwendo ule ule wa ekseli, bila kushtuka. Kiungo cha namna hii kilibuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa huko Marekani katika miaka ya 1920. Hadi leo magari mengi yanayovutwa na matairi ya mbele hutumia kiungo hicho.

Kiungo cha ndani kiko karibu na giaboksi. Katika magari mengi kina vigurudumu vitatu ndani ya kikombe. Vigurudumu hivyo huteleza kwenda na kurudi. Tairi likishuka shimoni ekseli hurefuka kidogo, na likipanda hufupika kidogo.

KAZI YA RABA

Viungo hivi vyote viwili hufanya kazi ngumu. Bila grisi, chuma kingesaga chuma. Kwa hiyo kila kiungo kimejazwa grisi, na juu yake kimevikwa raba yenye mikunjo. Raba hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia grisi isitoke. Ya pili ni kuzuia mchanga na maji visiingie.

Raba ikipasuka, tairi likizunguka kwa kasi grisi hurushwa nje. Kisha vumbi na maji ya madimbwi huingia. Mchanga ukichanganyika na grisi iliyobaki huwa kama msasa. Kila unapoendesha, msasa huo unakula gololi na mifereji yake. Huoni kitu, wala husikii kitu mwanzoni. Lakini chuma kinaliwa.

Barabara zetu zina visiki, miiba na mawe. Na magari mengi tunayonunua yamekwisha kaa miaka mingi, raba zake zimekauka na kuanza kuchanika kwenye mikunjo. Hivyo raba kupasuka si jambo la ajabu. Jambo la ajabu ni kuiona imepasuka na kuiacha. Wazee walikwisha tuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

DALILI ZA UGONJWA

Zipo dalili nne za kuangalia.

Ya kwanza ni grisi. Tazama ndani ya rimu na kwenye vyuma vilivyo karibu na tairi. Ukiona grisi nyeusi imerukia pale, raba imepasuka.

Ya pili ni mipasuko. Geuza usukani mpaka mwisho, zima gari, kisha tazama mikunjo ya raba ya nje. Ipanue kwa vidole. Mpasuko mdogo hujificha katikati ya mikunjo.

Ya tatu ni mlio wa kwenye kona. Nenda kwenye uwanja mpana usio na watoto. Geuza usukani mpaka mwisho, uendeshe polepole kwa duara, kwanza kulia, kisha kushoto. Ukisikia ka-ka-ka-ka inayoongezeka ukikanyaga mafuta, kiungo cha nje kimekwisha.

Ya nne ni mtetemeko. Gari likitetemeka unapokanyaga mafuta njiani, na likitulia unapoachia, huenda kiungo cha ndani kimelika.

Usichanganye mlio huu na ule wa beringi ya tairi. Beringi mbovu huvuma, vuuu, hata njia ikiwa imenyooka, na uvumi wake huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka.

RABA AU EKSELI NZIMA?

Ukiona raba imepasuka lakini hakuna mlio, una bahati. Kiungo huenda bado ni kizima. Ekseli itatolewa, kiungo kitaoshwa na kukaguliwa, kitajazwa grisi mpya na kuvikwa raba mpya. Grisi yake ni ile nyeusi maalumu ya sivii, si grisi yoyote ya kopo.

Lakini kiungo kikianza kulia, raba mpya haiwezi kukiponya. Chuma kilicholiwa hakirudi. Hapo ni kubadili kiungo au ekseli nzima.

Sisi tulijifunza hesabu hiyo kwa uchungu. Raba na grisi tungenunua kwa bei ya kuku wachache. Ekseli tuliinunua kwa bei ya mbuzi, tukalipa na nauli ya kwenda mjini mara mbili. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu duka la kwanza lilitupa ekseli isiyo ya gari letu, nasi tuliipokea bila kuipima. Tulifika nyumbani ndipo tukagundua kwamba meno yake hayalingani.

Kwa hiyo ukienda dukani, nenda na ekseli ya zamani kama imekwisha tolewa. Kama bado iko kwenye gari, andika kwenye karatasi aina ya gari, mwaka wake, aina ya giaboksi, namba ya bodi, na upande unaotaka, kulia au kushoto. Ekseli ya kulia na ya kushoto mara nyingi hazilingani urefu. Dukani pima urefu. Hesabu meno ya pande zote mbili. Kama gari lako lina breki za ABS, tazama kama ekseli ya zamani ina pete yenye meno karibu na sivii. Ikiwa nayo, na ile mpya iwe nayo. Usione haya kuhesabu mbele ya mwenye duka. Kusoma na kuhesabu tulijifunza ili kutumie.

MAMBO MATATU YA KULINDA UHAI

Kabla ya kushika spana, sikilizeni vizuri. Gari kama hili lina uzito wa zaidi ya kilo 1,000. Hayo ni magunia kumi ya mahindi. Likikuangukia, halitakupa nafasi ya kupiga kelele.

Jambo la kwanza: chagua ardhi ngumu na tambarare. Usiinue gari penye mchanga, tope au mteremko. Kama huna sakafu ya saruji, weka ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi.

Jambo la pili: jeki ni ya kuinulia, stendi ni ya kushikilia. Ukisha inua gari, weka stendi mbili za chuma mahali palipoonyeshwa na kitabu cha gari, kisha ulishushe likae juu yake. Lisukume kidogo kwa mkono uone kama limetulia. Usitumie matofali wala mawe. Tofali hupasuka ghafla. Kama huna stendi, kaziazime. Kama hupati, kazi hiyo usiifanye nyumbani.

Jambo la tatu: weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya nyuma yote mawili, na uvute breki ya mkono. Usiiamini gia. Gari likiwa katika gia, au likiwa katika P kwa giaboksi ya otomatiki, nguvu ya kulizuia hupitia kwenye ekseli hizi. Ukitoa ekseli moja, gari linaweza kuteremka kana kwamba halina gia. Kinacholizuia ni breki ya mkono na kabari zako.

Siku ya kazi yetu kijana mmoja alikuwa na haraka. Aliinua gari kwa jeki kabla ya kuweka ubao, akataka kuingia chini aone. Yule mzee akamshika shati. "Mwanangu, toka huko!" Hawajamaliza kubishana, jeki ikalala mchangani na gari likashuka kwa kishindo. Kijana yule alikaa chini, akanyamaza muda mrefu. Baadaye yeye ndiye aliyetafuta mbao.

VIFAA

Tayarisha jeki na stendi mbili, kabari nne, soketi ya nati ya habu (kwa gari letu ni namba 30), mpini mrefu wa soketi na bomba la kuongezea nguvu, spana za namba 14 hadi 21, nyundo, kipande cha mti mgumu, tindo, koleo, mtaimbo mdogo, waya, beseni la oili na vitambaa safi. Nunua pia nati mpya ya habu, kotapini mpya, na oili ya giaboksi iliyotajwa kwenye kitabu. Kotapini ni kile kipini cha waya kinachopitishwa kwenye nati ili isifunguke.

Msifanye kazi hii mtu mmoja. Muwe wawili au watatu.

KUTOA EKSELI YA ZAMANI

Hatua ya 1. Legeza nati ya habu gari likiwa bado chini. Nati hii ni ile kubwa iliyo katikati kabisa ya tairi. Toa kifuniko. Kama ina kotapini, ichomoe. Kama ukingo wa nati umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa ekseli, uinue kwa tindo. Mwenzako akanyage breki kwa nguvu. Wewe weka soketi na bomba, usukume. Nati hii hukazwa sana, usishangae. Legeza pia nati za tairi, nusu mzunguko tu.

Hatua ya 2. Inua gari, weka stendi, toa tairi. Lilaze tairi chini ya ubavu wa gari. Stendi zikiteleza, tairi litapunguza balaa.

Hatua ya 3. Mwaga oili ya giaboksi kwenye beseni kwa kufungua bolti yake ya chini. Ukisahau, oili itamwagika yote utakapochomoa ekseli. Usiimwage karibu na kisima wala shambani.

Hatua ya 4. Fungua tairodi. Ni kile chuma chembamba kinachosukuma tairi usukani ukigeuzwa. Toa kotapini, fungua nati, kisha gonga kwa nyundo ubavuni mwa mkono unaoishika mpaka iachie. Usigonge nyuzi za tairodi. Na usiizungushe tairodi kwenye fimbo yake, maana utaharibu mstari wa matairi.

Hatua ya 5. Fungua bolujointi ya chini. Katika gari letu imeshikwa kwenye mkono wa chini kwa bolti moja na nati mbili. Ukizitoa, bonyeza mkono ule chini kwa mtaimbo, na habu itakuwa huru kuvutwa nje. Chunga mpira wa breki na waya wa ABS. Visivutike wala kubeba uzito. Vikikaza, simama, fungua vishikizo vyake kwanza.

Hatua ya 6. Sukuma ekseli itoke kwenye habu. Toa nati ya habu karibu yote, ibaki kwenye nyuzi za mwisho. Weka kipande cha mti juu yake, ugonge. Usigonge ekseli kwa nyundo ya chuma, nyuzi zitabondeka. Ikiachia, toa nati, vuta habu nje, na ekseli itatoka.

Hatua ya 7. Chomoa upande wa ndani. Ingiza mtaimbo kati ya kikombe cha ndani na giaboksi, uuchokoe kidogo kidogo mpaka kikombe kiruke. Usivute fimbo kwa mikono, maana viungo vitaachana na ekseli itakutoka vipande viwili. Usiguse sili, ile pete ya raba kwenye tundu la giaboksi. Sili ikichanika, oili itavuja daima.

Ekseli ikiwa nje, jambo moja: usishushe gari likakanyagia tairi lile, wala kulisukuma. Nati ya habu ndiyo inayobana beringi. Bila ekseli na nati yake, uzito wa gari unaweza kuiharibu beringi.

KUINGIZA EKSELI MPYA

Laza ekseli mbili sambamba. Linganisha tena urefu na meno. Futa tundu la giaboksi na habu kwa kitambaa safi. Tazama mwisho wa ekseli mpya, kuna pete ndogo ya waya. Mdomo wa pete hiyo uelekee chini unapoingiza. Paka oili ya giaboksi kwenye mdomo wa sili.

Ingiza ekseli ikiwa imenyooka, bila kukwaruza sili. Izungushe polepole mpaka meno yakutane. Kisha isukume kwa nguvu moja ya ghafla. Utasikia au utahisi "tak". Pete imenasa. Shika kikombe cha ndani, si fimbo, ukivute kidogo. Kisipotoka, umefaulu. Kikitoka, rudia.

Kisha rudi nyuma kwa utaratibu ule ule. Ingiza ekseli kwenye habu, rudisha bolujointi, rudisha tairodi. Kila penye kotapini weka mpya. Kotapini ya zamani imekwisha kunjwa, haifai kuaminiwa. Weka nati mpya ya habu na uikaze kiasi. Rudisha tairi, inua gari, toa stendi, shusha.

Sasa kaza nati za tairi kwa mtindo wa msalaba. Kisha kaza nati ya habu huku mwenzako amekanyaga breki.

Je, ikazwe kiasi gani? Kila gari lina kipimo chake kitabuni. Kwa gari letu kitabu kilisema 216 Nm. Tulipoona namba hiyo tulikwama. Fundi akatueleza hivi: ni sawa na kuning'iniza kilo 22 kwenye ncha ya mpini wa mita moja uliolala sawasawa. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ni karibu uzito huo. Basi wote tukaelewa. Kuna spana maalumu yenye kipimo, na hiyo ndiyo ya kutumia. Tuliiazima mjini. Lakini mfano wa ndoo ulitusaidia kujua kwamba nati hii haikazwi kwa mkono mtupu, wala kwa watu wawili kurukia bomba.

Mwisho, ifunge nati. Kama ni ya kotapini, pitisha kotapini mpya na ukunje ncha zake. Kama ni ya kugongwa, gonga ukingo wake uingie kwenye mfereji wa ekseli. Nati isiyofungwa hufunguka njiani, na tairi likichomoka ni msiba.

KUJARIBU

Jaza oili ya giaboksi mpaka kwenye kipimo chake. Kanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama. Toa kabari. Endesha polepole uwanjani, kata kona zote mbili, sikiliza. Simama, tazama kama oili inavuja penye sili. Baada ya safari fupi angalia tena nati za tairi.

Kama usukani unavuta upande mmoja, au kuna kishindo, usiendelee. Mwite fundi. Na kama tangu mwanzo bolti zimeshika kutu zisitoke, au huna stendi, au huna mtu aliyewahi kuifanya kazi hii, mwite fundi mapema. Kujua jinsi kazi inavyofanywa kuna faida hata usipoishika spana. Utaweza kumwuliza fundi: "Umeweka kotapini mpya? Nati umeikaza kwa kipimo? Oili umejaza?" Fundi mzuri atafurahi kuulizwa.

TUMEJIFUNZA NINI?

Kazi yetu ilichukua siku nzima, kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Fundi mwenyewe angeimaliza kwa muda mfupi zaidi. Lakini watu saba wa kikundi sasa wanajua kilichomo nyuma ya tairi.

Tena tumeweka daftari. Kila Jumamosi mtu mmoja wa zamu huchuchumaa kwenye matairi ya mbele, hutazama raba zote nne, mbili za nje na mbili za ndani, kisha huandika tarehe na jina lake. "Raba ni nzima." Au "Raba ya nje kushoto ina mpasuko." Kazi hiyo haichukui hata robo saa. Mwezi uliopita zamu ilikuwa ya yule mama aliyepanda mkokoteni. Alikuja na mtoto mgongoni. Alichuchumaa kila upande, akapanua mikunjo kwa vidole, kisha akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka. Aliona mpasuko mdogo, upande wa kulia.

Safari hii hatukusubiri kuuza pamba. Raba ilibadilishwa wiki ile ile.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Raba ya ekseli ina kazi gani mbili?
2. Kwa nini hatuiamini gia peke yake wakati ekseli imetolewa?
3. Taja tofauti kati ya mlio wa sivii na mlio wa beringi.
4. Katika kijiji chenu, kuna gari, mashine ya kusaga au pampu ya maji ambayo mmeona ina kasoro ndogo mkasema "tusubiri"? Nani ataiangalia, na lini?